Kadi za maneno ya Kiebrania: kwa nini natengeneza zangu kwa Kiswahili

Mtu anayeanza kujifunza Kiebrania cha Biblia katika nchi zetu hugundua mapema kwamba vitabu vya sarufi, kamusi na kadi za maneno zinazouzwa zikiwa tayari karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, kwa hiyo hulazimika kupitia lugha ya tatu kila anapotaka kulifikia neno moja la Kiebrania. Mimi hutengeneza kadi zangu kwa mkono, upande mmoja Kiebrania na upande wa pili Kiswahili. Sababu yangu si kuokoa fedha peke yake. Kiswahili kinakaribiana na Kiebrania katika mambo kadhaa ambayo Kiingereza huyaficha, na kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili humwonyesha mwanafunzi ukaribu huo papo hapo, bila maelezo marefu.

Chukua kitenzi kinachorudiwa kuliko vyote katika masimulizi ya Agano la Kale, וַיֹּאמֶר, yaani vayyomer. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza umbo hili, kwa sababu Kiingereza hakina kiambishi cha kitenzi kinachosema peke yake kwamba tendo hili limefuata lile lililotangulia. Sisi tunacho, na tunakitumia kila tunaposimulia jambo: akasema, akaenda, akaona, akarudi. Katika Mwanzo 1:3, Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 inasema, «Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru,» na ukiliweka Kiebrania pembeni utaona kwamba kila kitenzi kimepata mwenzake: vayyomer ni akasema, yehi ni iwe, vayehi ni ikawa. Kwa hiyo nyuma ya kadi ya vayyomer naandika «akasema», wala sihitaji kuongeza maelezo ya sarufi. Mwanafunzi aliyekua akisikia hadithi kwa Kiswahili anaijua -ka- kabla hajafundishwa lolote, na ni hasara kubwa kumpitisha kwenye Kiingereza ili aje aelezwe kwa shida jambo ambalo tayari analo kinywani.

Hali ni hiyo hiyo kwa viambishi vya nafsi. Kiebrania hubandika kiwakilishi mwishoni mwa nomino, kama sisi tunavyosema babangu, mwanangu, mwenzako, na hukibandika pia kwenye kitenzi kuonyesha anayetendewa. Katika baraka ya Hesabu 6:24, neno la kwanza ni יְבָרֶכְךָ, yevarekhekha, neno moja lenye mtenda, tendo na mtendewa ndani yake, na Kiswahili kinalirudisha kwa neno moja vilevile: akubariki. Kadi za namna hii huwa nazichora mstari mwembamba kwa penseli, kutenga kiambishi na shina pande zote mbili, ili jicho lione kwamba -kha ya Kiebrania inafanya kazi ya -ku- ya Kiswahili, ingawa moja imekaa mwisho na nyingine katikati.

Kisha kuna hazina ya maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania. Nefesh ni nafsi, ruach ni roho, dam ni damu, berakhah ni baraka, chokhmah ni hekima, rachamim ni rehema, kohen ni kuhani, sheva ni saba na tesha ni tisa. Mwanafunzi akishaona kwamba sh ya Kiebrania mara nyingi husimama mahali pa s ya Kiarabu, na hivyo ya Kiswahili, maneno mengi hujifungua yenyewe: shalom na salama, nefesh na nafsi, rosh (kichwa) na rasi. Kadi za kundi hili nazitia alama ya nyota kwenye pembe, kwa kuwa zinahitaji marudio machache, na ni vizuri mtu aanze nazo ili apate moyo.

Ufanano huo lakini una mitego yake, na kadi ndiyo mahali pa kuitegua. Sefer ni kitabu, wala haina maana ya safari, hata kama sikio la Mswahili linavutwa huko. Mtego ulio mkubwa zaidi ni wa מֶלֶךְ, melekh, mfalme, na מַלְאָךְ, mal'akh, malaika au mjumbe. Maneno haya yana mizizi tofauti, na kinachoyatofautisha katika maandishi ni herufi moja tu, alef, ambayo haisikiki vizuri katika matamshi. Tofauti hiyo ni nyembamba kiasi kwamba katika 2 Samweli 11:1, panapotajwa majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, nakala ya Leningrad, hati ya kale ya Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa kwa mkono, inaliandika neno hilo likiwa na alef ndani yake, kana kwamba ni wajumbe. Maneno mawili ya aina hii nayaandika kwenye kadi moja, juu na chini, wala siyatenganishi hadi niwe nayatambua bila kusita.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Karatasi moja ya manila ikikatwa kwa rula na wembe hutoa kadi nyingi za sentimita 9 kwa 6, nazo hufungwa kwa mpira wa kufungia noti. Kalamu ndiyo inayostahili kufikiriwa. Konsonanti naziandika kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene kidogo, halafu nukta za irabu naziongeza mwishoni kwa kalamu nyekundu, baada ya neno zima kukamilika. Mpangilio huu unafuata historia ya maandishi yenyewe, kwa kuwa Kiebrania kiliandikwa kwa konsonanti 22 kwa karne nyingi kabla Wamasoreti, wale wanazuoni wa Kiyahudi waliofanya kazi hasa katika mji wa Tiberia, hawajaweka nukta na alama za usomaji kati ya karne ya 7 na ya 10. Nakala kamili ya zamani zaidi ya Biblia yote ya Kiebrania iliyotufikia, ile ya Leningrad, ilikamilishwa Kairo takriban mwaka 1008, nayo ndiyo msingi wa matoleo ya kitaaluma tunayoyatumia leo. Anayeandika konsonanti kwanza na irabu baadaye huzoea kuliona neno kama mifupa iliyovikwa sauti, na siku atakapokutana na maandishi yasiyo na nukta hatatishika.

Faida nyingine ya kuandika kwa mkono, ambayo kwa maoni yangu inazidi zote, ni kwamba mkono hulazimika kutofautisha herufi zinazofanana. Bet na kaf, he na chet, samekh na mem ya mwisho, vav na zayin: zote hizi humchanganya msomaji mpya. Dalet ina pembe kali inayochomoza kidogo nyuma upande wa kulia, ilhali resh imeviringika pale pale. Wanakili wa zamani waliijua hatari hii vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, «Sikia, Ee Israeli», dalet ya neno אֶחָד, yaani mmoja, huandikwa kubwa kuliko herufi nyingine, na katika Kutoka 34:14, panapokatazwa kumsujudia mungu mwingine, resh ya neno אַחֵר, yaani mwingine, nayo hukuzwa. Maelezo yanayotolewa tangu zamani ni kwamba msomaji asije akasoma «mwingine» mahali pa «mmoja», wala «mmoja» mahali pa «mwingine», jambo ambalo lingepindua ungamo zima. Nimeziandika kadi hizo mbili kwa kufuata desturi hiyo, herufi kubwa na zote, na tangu hapo dalet na resh hazijanisumbua.

Matamshi kwa herufi za Kilatini siyaandiki kamwe upande wa mbele. Jicho ni vivu. Likiona herufi linazozizoea, halitazisoma zile ngeni. Zaidi ya hapo, matamshi yanayochapishwa kwenye kadi za Kiingereza huandika chet kwa «ch», na Mswahili akikutana na «chesed» atatamka ch ya chai na chakula, wakati sauti inayotakiwa inatoka kooni, karibu na kh ya Kheri. Watu wa pwani na wote waliosoma madrasa wana sauti hiyo tayari, hata ile ayin ngumu ya kooni wanayo, na ni vyema waitumie.

Upande wa nyuma, kadi ya nomino haiwezi kubeba maana peke yake. Kama vile kamusi ya Kiswahili inavyotaja ngeli na wingi wa kila nomino, kadi ya Kiebrania inapaswa kutaja jinsia, wingi, na umbo ambalo nomino hulichukua inapotegemea nomino nyingine. Kwa mfano: דָּבָר, davar, neno au jambo, la kiume, devarim, maneno, devar, neno la fulani. Mwanafunzi asiyeandika wingi mapema atashangaa atakapoona kwamba av, baba, ambaye ni wa kiume, ana wingi wa avot wenye umbo la kike, na ishah, mwanamke, ana wingi wa nashim wenye umbo la kiume. Vitenzi vinahitaji nafasi kubwa zaidi, hasa vile vinavyopoteza herufi. Kadi yangu ya kutoa ina natan, yitten na tet, kwa sababu nun ya mwanzo hupotea katika umbo la pili, na katika la tatu nun zote mbili hazipo, na hakuna anayeweza kukisia kwamba tet imetoka kwa natan asipoziona zimeandikwa pamoja.

Kadi moja inahitaji adabu ya pekee. Jina la Mungu lenye herufi nne limo katika Biblia ya Kiebrania mara zipatazo 6,800, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuliepuka. Wayahudi hawalitamki, bali husoma Adonai, na Union Version inaufuata mwendo huo kwa kuandika BWANA kwa herufi kubwa. Desturi yao pia ni kwamba maandishi yenye Jina hayatupwi ovyo. Huwekwa katika hifadhi iitwayo geniza, na ni kwa desturi hiyo maelfu ya kurasa za kale zilihifadhiwa katika sinagogi la Ben Ezra huko Kairo. Kadi huchakaa na kuishia jalalani. Kwa hiyo mbele ya kadi hiyo naandika he moja yenye alama ndogo, ה׳, kama Wayahudi wengi wanavyofanya, na nyuma naandika BWANA. Naamini mtu anayejifunza lugha ya watu wengine kwa ajili ya kusoma maandiko yao matakatifu anawiwa kuheshimu namna wanavyoyashika.

Maneno ya kuandika nayachukua kutoka kitabu ninachokisoma, si kutoka orodha ya alfabeti. Ruthu inafaa sana kwa kuanzia, kwa kuwa ina aya 85 tu na masimulizi yake yamejaa vitenzi vya -ka-. Zaburi ya 136 nayo ni mwalimu mwema: aya zake zote 26 humalizikia kwa kiitikio kimoja, ki le'olam chasdo, «kwa maana fadhili zake ni za milele». Nyuma ya kadi ya חֶסֶד naandika fadhili, na chini yake chasdo, fadhili zake, ili irabu zinavyobadilika kiambishi kinapoingia zionekane katika sentensi ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua kwa moyo.

Kwa marudio nafuata utaratibu ulioelezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972: kadi uliyoijibu sawasawa husogea kwenye kisanduku cha mbele kinachofunguliwa baada ya siku nyingi zaidi, na uliyoikosea hurudi kisanduku cha kwanza kinachofunguliwa kila siku. Zipo programu za simu zinazofanya hesabu hiyo zenyewe, na sina ugomvi nazo, ila kuchapa neno hakuufundishi mkono pembe ya dalet.

Swali linalobaki ni mahali pa kukomea. Maneno yanayojitokeza mara 50 au zaidi ni mia sita na ushee, nayo yanastahili kadi kila moja. Chini ya hapo naamua kwa kitabu: neno lililo adimu katika Biblia nzima lakini linalorudi mara tatu katika sura ninayoisoma nalipatia kadi. Maneno yanayoonekana mara moja tu, ambayo ni zaidi ya elfu moja na ambayo yamejazana hasa katika Ayubu na Isaya, siyapi. Hata kamusi kubwa hutofautiana kuhusu mengi kati yao. Hayo nayaandika maana yake kwa penseli pembezoni mwa ukurasa, nikiweka alama ya kuuliza pale wafasiri wasipokubaliana, na kuendelea kusoma.