Risoto ya Novara, uyoga wa Kasulu

"Mwanangu, huo mchele hujauosha."

Nilikuwa nimeshaumimina sufuriani. Nikamwambia, hauoshwi, mama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau malezi. Ilikuwa Juni 2024, uani kwetu Ujiji, na kwa miaka nilikuwa nikimwahidi kwenye simu kwamba siku moja nitampikia wali wa huko ninakoishi.

Ninaishi Novara, kaskazini mwa Italia. Watu wa nyumbani wakisikia Italia wanawaza tambi, lakini Novara na jirani yake Vercelli ni nchi ya mpunga hasa. Kila majira ya kuchipua wanafungulia maji ya mfereji wa Cavour, uliochimbwa kati ya 1863 na 1866, na majaruba yanajaa hadi ukiwa ndani ya treni unadhani unakatiza ziwa. Mwaka wangu wa kwanza niliyaona maji yale alfajiri, machozi yakanitoka. Sikuwa nimeona maji mapana hivyo tangu niliache Ziwa Tanganyika.

Risoto, ndio wali wao wa mchuzi mzito, nilifundishwa na bibi jirani yangu. Kwake mchele ni uleule mwaka mzima, Carnaroli, kwa sababu haupondeki upesi. Kinachobadilika ni kile kinachotiwa ndani yake. Asparaga, mboga ya machipukizi marefu, anazinunua zikitoka, Aprili na Mei, na vile vikonyo vigumu anavichemsha ndiyo supu ya kupikia. Njegere hufuata. Kiangazi hapiki sana, joto. Mvua za Septemba zikishanyesha msituni, uyoga wa porcini unafika sokoni, na boga nalo limeiva. Baridi ikishika anaweka radikio ya Treviso, majani mekundu machungu. Mimi yananikumbusha mnafu. Siku moja ya Novemba nilimpelekea asparaga za dukani, zimetoka mbali kwa ndege. Alishukuru, akazila na mayai. Kwenye risoto hakuzitia.

Kupika kwenyewe hakutaki haraka. Kitunguu kilainike bila kubadilika rangi, mchele ukaangwe mkavu mpaka punje ziwe za moto, kisha supu inayochemka, upawa mmoja mmoja, dakika 17 au 18, mwiko mkononi. Wanga wa juu ya punje ndio unaokuwa mchuzi mzito, na kiini kinabaki kigumu kidogo. Ndiyo maana hauoshwi: ukiuosha, umemwaga mchuzi wako. Wao hutia divai ule mchele ukishakaangwa. Mimi natia maji ya ndimu, maana kinachotafutwa ni ukali kidogo wa kukata mafuta. Mwisho unaepua, unatia siagi baridi na jibini, unakoroga kwa nguvu. Ukiinamisha sahani lazima itembee. Wenyewe wanasema iende kama wimbi, na mimi mtoto wa ziwa neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Basi nilitua Kigoma nikiwa na kipande cha jibini begini na mpango kamili: risoto ya mgebuka, samaki wa ziwa letu, na dagaa wabichi wa kukaanga pembeni. Nilikuwa nimesahau kwamba ziwa limefungwa. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Usiku sikuona taa ya mvuvi hata moja majini. Tulikua tukijua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hakuna, unangoja giza. Sasa ziwa zima lilikuwa linangojwa, na niliona ni haki yake.

Mama akaingia ndani, akatoka na mfuko. Uyoga mkavu, aliletewa na mama mdogo kutoka Kasulu, uliookotwa masika na kuanikwa juani. Nikauloweka. Yale maji yalipogeuka kahawia na harufu ikapanda, nilikaa kimya. Ndivyo bibi wa Novara anavyofanya na porcini wake Januari, na maji ya kulowekea hathubutu kuyamwaga.

Mchele ulikuwa wa bonde la Luiche, mpya wa mavuno yale. Mchele mpya unashikana, jambo ambalo mpika pilau analilaumu na mimi ndilo nililolitaka. Kwa kuwa hatukuuosha, tuliuchagua kwenye ungo punje kwa punje, changarawe zote nje. Kazi hiyo mama hakuniachia. Badala ya siagi nilikaangia kwa mawese, na sufuria ikawa na rangi ileile ya risoto ya zafarani ya Milano. Jiko la mkaa ndilo lililonisumbua: moto haupunguzwi upesi, unatoa makaa kwa koleo.

Mama alionja. "Hii ni mashendea," akasema, kisha akala mpaka akamaliza. Akaomba ndimu nyingine. Jibini hakuitaka, akasema inaficha uyoga, na nadhani alisema kweli. Tangu hapo risoto ya uyoga naimalizia kwa jibini kidogo sana.

Nusu ya ule mfuko alinifungia nirudi nao. Niliufungua Januari, ukungu umeyafunika majaruba usione hata barabara, nikamgongea bibi mlango. Alinusa maji ya kulowekea muda mrefu, halafu akauliza Kasulu mvua huanza mwezi gani.