Usiku Mrefu wa Mama

Mama alivaa miwani, akaisoma tiketi, akaniambia, "Kumbe ni saa saba tu. Basi la Mombasa linachukua zaidi."

Kuondoka Jomo Kenyatta saa tano na nusu usiku, kufika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukihesabu kwa vidole ni saba kweli. Ila saa ya kuondokea ni ya Nairobi na ya kufikia ni ya kule, na Januari wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Saba na nane, kumi na tano. Mama akavua miwani.

Ni kilomita kama 11,840. Ni sawa na kwenda Mombasa na kurudi mara kumi na mbili, bila kushuka Mtito Andei kunyoosha miguu. Dada yangu alipohamia Queens, huko New York, mwaka 2012 alibadilisha ndege Amsterdam. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, na kwa mama wa miaka 71, hilo nalithamini kuliko nafuu yoyote ya bei.

Akataka kujua atapita wapi. Nikachukua tufe la mwanangu na uzi wa kofia anazoshona Mama, tukaukaza kutoka mji hadi mji. Alidhani utapita Kongo na Nigeria, kama ramani ya ukutani inavyoonyesha. Uzi ukapanda juu: Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, Moroko, ndipo ukaingia Atlantiki. Rubani anaweza kukwepa anga hii au ile, lakini njia ya mkato ndiyo hiyo. Mama aliupitisha kidole uzi ule mara tatu.

Kisha akauliza lililokuwa moyoni: "Na Alfajiri nitaiswali wapi?"

Swali hilo lilinikesha. Januari jua la Nairobi huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. La New York huchomoza kama saa moja na robo asubuhi, ambayo kwetu ni saa tisa na robo alasiri. Kwa msafiri huo ni usiku mmoja wa zaidi ya saa ishirini! Ndege inaelekea magharibi na jua linaifuata nyuma, likiikaribia polepole kwa sababu dunia inazunguka kwa kasi kuliko ndege inavyoruka. Kurudi ni kinyume: usiku unakatika upesi, na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi unaisukuma ndege, safari ikapungua kwa karibu saa nzima.

Shehe wa msikiti wetu South B alimwambia asifuate saa ya mkononi, atazame mbingu. Basi nikamwombea kiti cha dirishani upande wa kushoto, maana msimu huo kule jua huchomoza kusini-mashariki, na ndege ikikaribia kutua mapambazuko yangekuwa nyuma yake, kushoto.

Ujumbe wake wa sauti ulinifikia saa nane na dakika arobaini mchana. "Mwanangu, nimeuona weupe, mwembamba kama uzi. Nimeswali hapo hapo kitini."

Mimi nilikuwa nimeshaswali Adhuhuri.