Nyeusi kwenye joto la Mombasa
Mimi ni mpenzi wa goth, muziki wa roki wenye giza na huzuni, ambao mashabiki wake huvaa nyeusi. Watu huniuliza nawezaje kuvaa nyeusi tupu na jua hili la Mombasa. Jamani, mama zetu wanavaa buibui miaka yote na hakuna anayewauliza! Wanja naazima kwa dada. Mabuti niliyachimbua kwenye mitumba ya Kongowea: ngozi nzito, bizimu za chuma mpaka karibu na goti. Kuvuka feri ya Likoni nayo saa sita mchana ni shughuli.

Kwenye muziki nilianza na Bauhaus, bendi ya goth ya Uingereza, kibao chao "Bela Lugosi's Dead" cha 1979 cha zaidi ya dakika 9. Gitaa la besi linashuka polepole, ngoma kavu, mwimbaji anakawia utadhani amesahau zamu yake. Kisha nikakutana na Einstürzende Neubauten, kundi la Berlin la industrial (muziki wa kelele za viwandani), walioanza 1980, wanaopiga mabati, springi na drili. Hapo nikanasa kabisa. Nyumba yetu iko nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti, masikio yalishazoea zamani. Throbbing Gristle, kundi la Uingereza la kelele hizo hizo, bado wananishinda; nawasikiliza kwa heshima tu.

Wenzangu hapa mjini wachache mno. Kama uko Nyali, Bamburi au Changamwe na una spika za maana, nitumie ujumbe. Chai na mahamri juu yangu.