Mayai ya Kadutu na tyubu za maji

Miaka yangu ya kwanza ya kuotesha vijidudu vya kifua kikuu hapa Bukavu, kazi ilianzia sokoni Kadutu. Chakula cha vijidudu hivyo, kiitwacho Löwenstein-Jensen, hupikwa kwa mayai: unayaosha, unayavunja, unachanganya na chumvi, gliserini na rangi ya kijani inayozuia vijidudu vingine, kisha unakigandisha kwa joto la nyuzi 85 hivi, tyubu zikiwa zimelazwa. Mama wa mayai aliniuliza siku moja, "Dokta, ninyi kule munakula omeleti kila siku?" Mimi si daktari, lakini pale sokoni kila mtu wa hospitali ni dokta.

Ubaya wa mayai ni kungoja. Kijidudu hiki hujigawa mara moja tu kwa saa 18 hadi 24, kwa hiyo unachungulia tyubu wiki tatu, wiki tano, hata nane. Mgonjwa alikwisharudi kwao Kalehe zamani.

Ndiyo maana tyubu za maji, zile za MGIT ambazo chakula chake ni cha majimaji, si cha mayai, zilinipendeza mno. Mle chini mna rangi inayong'aa kwenye taa maalumu vijidudu vikimaliza oksijeni, na mara nyingi jibu hupatikana ndani ya siku 10 hadi 14. (Kusema "hakuna", hapo bado utangoja siku 42.) Nikaamua kulinganisha: kila makohozi, nusu mililita kwenye maji, matone machache kwenye mayai.

Siku ya tatu tyubu za maji zikawaka. Nilifurahi kama mtoto, mpaka nilipoziinua dirishani: zimechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Kifua kikuu hakifanyi hivyo. Chenyewe hutulia chini kama makombo, maji ya juu yakabaki safi. Hizi zilikuwa bakteria za mdomoni, na zilikuwa zimepita licha ya viuavijasumu vitano tunavyotia humo. Mayai yaliyotiwa makohozi yaleyale, mengi yalikuwa hayana neno. Nilikuwa tayari kuandika kwamba njia ya maji haitufai.

Yaya mmoja wa kazini, yaani mkubwa wangu, akanishika mkono. "Mdogo wangu, asetilisisteini hii umechanganya lini?"

Jana yake. Hiyo ni dawa ya kuyeyusha makohozi kabla ya kuotesha, na nilikuwa nabana unga wake usiishe. Kumbe ikishapita saa 24 nguvu zake hupungua: makohozi hayayeyuki vizuri, na soda kali tunayotia pamoja nayo haifiki ndani kuua bakteria wengine. Nilitaka kuiacha soda muda mrefu zaidi, Yaya akakataa, maana ukizidisha unaua hata kile unachokitafuta. Tangu hapo nachanganya asubuhi ileile, na soda naiacha dakika 15 kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Maji bado huharibika kuliko mayai, ila sasa kwa kiasi cha kuvumilika.

Baadaye akaja mama mmoja ambaye darubini haikumwona kitu, wala si ajabu, kwani darubini hutaka vijidudu kama elfu tano kwa mililita. Tyubu ya maji ikawaka wiki ya pili, makombo chini. Mayai yakanitolea vichaka viwili vikavu vya rangi ya maziwa wiki ya tano, mama akiwa ameshaanza dawa.

Sijayaacha mayai, maji yakichafuka ndiyo yanayoniokoa. Ila mama wa Kadutu analalamika: zamani trei tatu, siku hizi moja.