Wachezaji wa Kuazima

Lubumbashi, Jumapili jioni, mwezi wa saba

Asubuhi ya leo tulitoka sare ya bao moja kwa moja na timu ambayo mwaka jana ilitufunga mabao saba bila jibu. Wanafunzi wachache waliokuja kututazama waliimba na kupiga makopo mpaka vumbi likatulia uwanjani. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, daftari la mahudhurio likiwa mapajani mwangu, kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka vijana waone.

Niandike kwa nini sare hii ni nzito kwangu kuliko kombe lililomo katika ofisi ya mkurugenzi wetu. Nilipokabidhiwa timu ya chuo miaka miwili iliyopita, nilikuta kombe hilo, mipira miwili ambayo mmoja wake haukushika upepo, na deni kwa fundi aliyeshona jezi. Wachezaji hawakuwapo. Wale walioleta kombe hawakuwahi kuketi hata siku moja katika madarasa yetu: walichukuliwa kutoka timu za mitaani za Katuba na Kenya, sehemu za mji wetu huu, wiki moja kabla ya mashindano, wakaandikwa kwenye orodha, wakatengenezewa kadi, kisha baada ya fainali wakarudi makwao. Siwalaumu vijana hao, kwani walipewa nauli na sahani ya bukari, yaani ugali, nao wakacheza kwa moyo. Ninaowafikiria ni wanafunzi wetu halisi, waliofanya mazoezi msimu mzima na siku ya fainali wakakalishwa benchi watazame wageni wakivaa jezi zao. Mwaka uliofuata hawakurudi. Kwa hesabu yangu, timu ilianza kufa siku ile ile ilipobeba kombe.

Kwa hiyo nilisema mbele ya kamati kwamba hatacheza mtu ambaye jina lake halimo katika rejista ya darasa. Mzee mmoja wa kamati, ambaye namheshimu, aliniambia, “Mwalimu, utatutia aibu,” na kweli mwaka wa kwanza ulikuwa wa aibu. Hata hivyo niliandika kila bao tulilofungwa: lilianzia wapi, nani alipoteza mpira, nani alikuwa mbali na nani. Katika yale mabao saba, matano yalipita katika pengo lile lile kati ya mabeki na viungo wetu. Uwanja kamili una mita 105 kwa 68, na vijana kumi wanaoukimbilia mpira kila unakokwenda huacha nyuma yao shamba zima lisilo na mlinzi. Nikaomba majivu ya makala, yaani mkaa, kwa mama anayetuuzia chai na mikate, nikachora mistari mitatu uwanjani, na kila siku kwa dakika ishirini tulisogea bila mpira, mbele, nyuma na pembeni, kama watu waliobeba ngazi moja ndefu. Walilichukia zoezi hilo miezi mingi. Sikuliacha.

Kipa alinipa kazi ya aina nyingine kabisa. Makipa wote wa umri wake hapa Lubumbashi wamekua na picha ya Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio mwaka 2010, Mazembe, klabu kubwa ya mji wetu, ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia, ambako Inter ya Milan iliwashinda 3-0. Kipa wetu naye aliruka hivyo, tena vizuri sana, lakini langoni alikuwa kimya. Nilidhani ni woga, mpaka siku moja aliponieleza kwamba beki wa kati amemzidi miaka minne, wanatoka mtaa mmoja, na tangu utotoni anamwita yaya, yaani kaka mkubwa. “Mwalimu, nitamkemeaje yaya mbele ya watu?” Sikuwa na jibu, na sikutaka kumfundisha utovu wa adabu kwa ajili ya mpira. Nikalipeleka jambo kwa beki mwenyewe. Alikaa nalo siku mbili, kisha akasimama mbele ya wenzake wote akasema kwamba kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho mdogo wake anaruhusiwa kumwita kwa jina tupu na kumwamuru, na baada ya hapo heshima irudi mahali pake. Leo, zikiwa zimebaki dakika chache, nilisikia jina lile likipigiwa ukelele kutoka langoni, nikamwona yule mkubwa akirudi nyuma hatua tatu bila hata kugeuka, na krosi ikaishia kichwani mwake. Mchezo ulipokwisha kipa alimfuata akamshika mkono kwa mikono miwili.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida. Nilikwenda kwa wakuu wa idara kuomba ratiba za mitihani, nikasimamisha mazoezi wiki tatu ili wasome, maana tulikuwa tukiwapoteza wachezaji kwa kufeli kuliko kwa majeraha. Anayekosa mazoezi mara mbili bila kutoa taarifa hachezi, na mshambuliaji wetu bora alilionja hilo katika mechi tuliyopoteza kwa bao moja. Nililaumiwa sana, ila katika baridi ya msimu huu wa kiangazi, ambapo alfajiri nyuzi joto hushuka chini ya 10, ndiye anayefika uwanjani wa kwanza.

Vijana huwa nawakumbusha kwamba Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface katika mji huu huu, ikiitwa Saint-Georges, muda mrefu kabla ya kupewa jina la Englebert na kutwaa vikombe vya Afrika vya 1967 na 1968. Siwaahidi vikombe. Nataka tu wajue kwamba jina linalopigiwa kelele katika uwanja wake wa Kamalondo lilianzia shuleni.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi. Jioni hii amebisha hodi kijana mmoja wa wale wa kuazima, yule yule aliyefunga bao la fainali. Amesema, “Mwalimu, safari hii nataka kuandikishwa kweli.” Ana diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, tangu miaka mitatu iliyopita na hajapata pesa za ada. Nikimtafutia msaada, kamati itafurahi kwa sababu nisiyoitaka, na wachezaji wangu watauliza ni tofauti gani iliyopo. Nikimkatalia, nitakuwa nimemfungia mlango wa darasa kijana ambaye chuo chetu kilimtumia kikamwacha. Nimemwambia kwamba mwaka wa kwanza asiguse jezi, ahudhurie masomo tu. Akakubali upesi, nami sijui alinielewa au alikuwa na haraka ya kusikia neno ndiyo. Anataka kusoma umeme. Karatasi zake ameziacha hapa mezani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, na kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwa mkurugenzi, nitazungumza kwanza na yule beki.