Siku Kilo Zilipofutika Kwenye Skrini

"Fundi, njoo uone. Kilo zote zimefutika!"

Mhasibu aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kiganja kimefunika mdomo, asije akasikiwa na viongozi wa vyama vya msingi waliokuwa wamekaa kwenye benchi la nje. Tulikuwa katika ofisi ya chama kikuu kimoja cha ushirika, Mtwara mjini. Ilikuwa Novemba 2022, msimu wa korosho umepamba moto, na orodha ya malipo ya mnada uliopita ilikuwa bado haijakamilika. Jedwali la mzani lilikuwa wazi mbele yake. Idadi ya mistari ilikuwa kamili, lakini kila kisanduku, kuanzia namba ya stakabadhi hadi uzito, kilikuwa na neno lile lile: #Deleted.

Hakuna kilo iliyofutika. Ila kumweleza mtu hilo huku macho yake yakisoma neno lile mistari mia kadhaa kunataka uthibitisho, na uthibitisho ulikuwa kwenye kompyuta ya mzani wenyewe. Kabla sijafika huko, nieleze jinsi kazi ilivyopangwa.

Taarifa za malipo zilikuwa zinakaa sehemu mbili. Uzito uliopimwa ghalani uliingia kwenye SQL Server Express, hifadhidata ya Microsoft, ndani ya kompyuta iliyowekwa pembeni ya mzani. Majina ya wakulima na namba za akaunti zao yalikuwa kwenye PostgreSQL, hifadhidata nyingine, kwenye seva iliyopangishwa Dar es Salaam. Orodha ya malipo ilitengenezwa pale ofisini kwa Access 2013, programu ya Microsoft ya majedwali na ripoti. Kwa miaka mingi makarani walikuwa wakichapisha kutoka huku na kuandika upya kule. Tarakimu moja ikikosewa, fedha ya mkulima wa Nanyamba inaingia kwa mtu asiyemjua, na kuirudisha ni safari za wiki nzima. Tuliitwa tuiunganishe Access na hifadhidata zote mbili, isome yenyewe, mkono wa mtu usiguse namba.

Access haijui lugha ya PostgreSQL wala ya SQL Server. Inachojua ni ODBC, lugha ya pamoja ya kuzungumza na hifadhidata, na draiva ndiye mkalimani anayekaa katikati. Jambo ambalo wengi wanalipita haraka ni hili: draiva haifanyi kazi peke yake pembeni, inapakiwa ndani ya programu inayoiita. Kwa hiyo biti za draiva zinafuata biti za programu, si za Windows. Windows ya mhasibu ilikuwa ya biti 64, Access yake ya biti 32. Basi draiva iliyotakiwa ni ya biti 32.

Hapo ndipo asubuhi yote ilipopotelea. Mwenzangu alikuwa ameshaweka draiva ya PostgreSQL ya biti 64, akatengeneza DSN, yaani jina linalohifadhi maelezo ya kufikia hifadhidata, akaijaribu kwa kitufe cha majaribio, ikajibu vizuri. Access ikaikataa kwa kosa IM014, yaani draiva na programu hazilingani biti. Kitufe kile kilikubali kwa sababu dirisha lenyewe la kusimamia ODBC lilikuwa la biti 64. Windows ina madirisha mawili ya namna hiyo na faili zake zina jina moja, odbcad32.exe. Lililo ndani ya System32 ni la biti 64, na lililo ndani ya SysWOW64 ni la biti 32. Majina yanakwenda kinyume na matarajio ya kila mtu, kwa hiyo yakariri hivyo hivyo. DSN ya mtumiaji huonekana kwenye madirisha yote mawili, ndiyo maana Access iliiona kisha ikaikataa. Ingekuwa DSN ya mfumo iliyotengenezwa upande wa biti 64, Access isingeiona kabisa, na kosa lingekuwa IM002: jina la chanzo halipo. Makosa mawili, ugonjwa mmoja.

Tukaweka psqlODBC, draiva ya PostgreSQL, ya biti 32. Kwenye orodha inaitwa PostgreSQL Unicode, bila x64 kwenye mabano. Ile ya Microsoft kwa ajili ya SQL Server ni nafuu zaidi, kwani kifurushi chake cha biti 64 kinaweka na ya biti 32 humo humo.

Ghalani kulikuwa na kazi ya aina nyingine. Kompyuta ya mzani ilikuwa juu ya meza ya mbao, vumbi la magunia limeganda kwenye matundu ya feni, na juu ya skrini kuna kipande cha plasta kilichoandikwa kwa peni: MZANI\SQLEXPRESS. Ofisi na ghala vilikuwa vimeunganishwa kwa antena za redio juu ya mapaa. Kabla ya kugusa draiva ya upande huu tulipima njia. Ofisini, kwenye PowerShell, tuliandika Test-NetConnection, anwani ya kompyuta ya mzani, kisha -Port 1433, poti ikiwa mlango wa mtandao ambao SQL Server hupokelea. Jibu likawa False. Jibu hilo likiwa False, kubadili draiva ni kupoteza muda.

SQL Server Express ikiwekwa bila kurekebishwa, TCP/IP yake, yaani njia ya kufikiwa kupitia mtandao, huwa imezimwa. Hupokea programu zilizo kwenye kompyuta ile ile tu, na programu ya mzani haikuhitaji zaidi. Tulifungua SQL Server Configuration Manager, tukawasha TCP/IP kwenye itifaki za SQLEXPRESS, tukaenda kwenye IPAll, tukafuta namba iliyokuwa kwenye TCP Dynamic Ports na kuandika 1433 kwenye TCP Port. Ukiiacha ile ya kwanza, poti inaweza kubadilika kila huduma inapoanza upya, na unamlazimu mteja aulize namba ya poti kupitia UDP 1434 ambayo nayo huwa imefungwa. Tukaanzisha huduma upya, tukafungua poti 1433 kwenye ulinzi wa Windows kwa anwani ya ofisi tu. True.

Draiva ya Microsoft, toleo la 18, ikagoma palepale kwa sababu ya cheti, yaani kitambulisho cha seva. Toleo la 17 lilikuwa halidai usimbaji wa mawasiliano usipoomba. La 18, lililotoka mwaka huo huo wa 2022, linadai na linataka cheti cha seva kiwe kimetolewa na mamlaka inayoaminika, wakati Express hujitengenezea cheti chake. Kuna TrustServerCertificate=yes, ambayo inasimba mawasiliano lakini haihakiki aliye upande wa pili ni nani. Kwa njia ya ndani, kati ya paa na paa, niliikubali. Kwa seva ya Dar es Salaam, inayofikiwa kwa intaneti, singeikubali kitu kama hicho. Huko tuliweka sslmode=verify-full, inayosimba na kuhakiki seva, na cheti cha mamlaka kwenye faili root.crt, ndani ya folda postgresql iliyo chini ya APPDATA ya mtumiaji.

Likafuata kosa 18456, kuingia kumekataliwa. Mteja haambiwi sababu kwa makusudi, ili mvamizi asipate fununu. Anaonyeshwa hali namba 1 siku zote. Sababu halisi iko kwenye faili ERRORLOG ya seva: 5 maana yake mtumiaji hayupo, 8 nywila si sahihi, 58 seva inapokea watumiaji wa Windows tu. Yetu ilikuwa 58. Tukabadilisha mpangilio upokee aina zote mbili, tukaanzisha huduma tena, tukatengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT peke yake. Hilo la ruhusa lisidharauliwe. Access ukiiambia ikumbuke nywila, inaiandika wazi ndani ya faili lake, na mwenye faili ana nywila. Mtumiaji anayeweza kusoma tu hawezi kubadili uzito wa gunia la mtu.

PostgreSQL haikusumbua sana. Mstari mmoja kwenye pg_hba.conf, faili linaloamua nani aingie: aina hostssl (mawasiliano yaliyosimbwa tu), jina la hifadhidata, mtumiaji, anwani ya ofisi, na scram-sha-256, njia ya kuhakiki nywila. Mistari ile husomwa kutoka juu, na wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, kwa hiyo tuliuweka juu ya ule wa kukataa. Kusoma upya mipangilio kunatosha, hakuna haja ya kuzima seva.

Saa nane mchana majedwali yote mawili yakaunganishwa. Mhasibu akafungua la mzani. Ndipo akaniita.

Nilimpigia simu karani wa ghala, nikamwomba afungue programu ya mzani na kumsomea mhasibu uzito wa stakabadhi tatu za mwisho. Akazisoma, mhasibu akazilinganisha na nakala za karatasi alizokuwa nazo. Zilikuwepo. Mama wa watu akashusha pumzi.

Neno lile linatokea hivi. Access ikifungua jedwali lililounganishwa haichukui mistari yote moja kwa moja. Kwanza inaomba funguo peke yake, yaani namba zinazotambulisha kila mstari, halafu inarudi kuomba mistari yenye funguo hizo, kwa mafungu madogo. Ufunguo wa jedwali la mzani ulikuwa wa aina ya bigint, namba ya biti 64, ambayo Access 2013 haina aina yake. Inaugeuza kuwa kitu kingine, inauliza kwa kitu hicho, na kinachorudi hakifanani na ilichoomba. Inahitimisha kwamba mtu ameufuta mstari katikati ya maswali hayo mawili. Hitimisho la uongo, lakini limeandikwa kwa herufi zile zile ambazo lingeandikwa kama ni kweli.

Dawa tuliyoipenda ni swali la kupitishwa moja kwa moja hadi kwenye seva. Access hailichambui, inalikabidhi kwa draiva lilivyo, na matokeo yanarudi ya kusoma tu, bila kuulizana funguo. Pia linapunguza mzigo njiani, maana uchujaji unafanyika ghalani na si ofisini. Tuliandika: SELECT NambaStakabadhi, UzitoHalisi FROM dbo.Upimaji WHERE Tarehe >= '20221101' AND Tarehe < '20221108'. Tarehe iandikwe hivyo, tarakimu nane bila alama. Ukiandika 01/11 seva yenye mpangilio wa Kimarekani itasoma Januari 11.

Kuunganisha pande mbili kwa namba ya stakabadhi kukakataliwa. Upande wa PostgreSQL safu hiyo ilikuwa ya aina ya text, na psqlODBC huitambulisha kama maandishi marefu, ambayo Access haikubali kuunganishia. Tuliondoa alama kwenye Text as LongVarChar katika mipangilio ya DSN, tukaliunganisha jedwali upya, maana Access hukumbuka aina za zamani. Ikakubali.

Muunganisho wetu ulikuwa ule wa kuchukua mistari yote ya mzani hata isiyo na mwenza. Ungekuwa ule wa wenye wenza tu, tusingejua lolote, kwani stakabadhi nne zilikosa mkulima. Kwa macho, namba zilikuwa sawasawa pande zote. Tukaziuliza urefu kwa LEN: za mzani zilikuwa na herufi 13 badala ya 12. Mwanzoni mwa kila moja kulikuwa na nafasi tupu, mtu aligusa spesi kabla ya kuandika. Tukaweka LTRIM, inayoondoa nafasi za mwanzoni, kwenye swali, zile nne zikapata wenyewe. Jumla ya kilo kwenye Access ikalingana na jumla tuliyoipata kwa SUM kwenye mzani wenyewe, hadi sehemu ya mwisho ya desimali.

Mhasibu akachapisha kurasa zote. Akachukua rula na peni nyekundu, akamwita kiongozi wa kwanza kutoka benchi la nje, akafungua kitabu chake cha stakabadhi na kuanza naye mstari wa juu.