Stephen Hopkins wa Mayflower na Rejista za Hursley

Miongoni mwa abiria 102 waliovuka Atlantiki kwa merikebu ya Mayflower mwaka 1620, anayenivutia zaidi kwa upande wa nasaba ni Stephen Hopkins, kwa kuwa wazao wake, ambao ni wengi mno, walijivunia kwa miaka mingi asili ambayo haikuwa yake. Vitabu vya koo vilimtaja kuwa mtu wa Wortley, katika kaunti ya Gloucestershire, na mkewe wa kwanza vikamwita Constance Dudley. Maelezo hayo yalinakiliwa kitabu kwa kitabu hadi yakachukuliwa kuwa ushahidi, ilhali nakala hata zikiwa mia haziongezi shahidi hata mmoja.

Makanisa ya Uingereza yaliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, kwa hiyo kumbukumbu za enzi hizo zipo. Ugumu uko kwenye jina lenyewe: akina Hopkins walikuwa wengi, na anayemsaka Stephen peke yake hana namna ya kumtenganisha na wenzake. Kilichokata shauri, kwa maoni yangu, ni watoto. William Bradford, gavana wa Plymouth, koloni la abiria hao huko Marekani, aliacha orodha ya abiria inayosema kwamba Hopkins alisafiri na mkewe Elizabeth, pamoja na Giles na Constance aliowazaa na mke wa awali, mdogo wao Damaris, na Oceanus aliyezaliwa baharini. Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha alichokikuta katika rejista za Hursley, kaunti ya Hampshire: watoto wa Stephen Hopkins waliobatizwa hapo ni Elizabeth, Constance mwaka 1606, na Giles mwanzoni mwa 1608. Mtu mmoja mwenye jina hilo hathibitishi lolote, lakini baba na watoto wawili wenye majina yaleyale, tena kwa umri unaolingana, ni jambo jingine kabisa. (Anayesoma rejista hizo akumbuke kwamba mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi hadi katikati ya karne ya 18, ndiyo maana ubatizo wa Giles umeandikwa chini ya 1607.)

Mama yao aliitwa Mary. Alizikwa Hursley mwezi Mei 1613, na hati za mirathi yake zinawataja watoto hao watatu. Mumewe alikuwa ameondoka mwaka 1609 kwa merikebu ya Sea Venture kuelekea Virginia, ikapigwa na tufani na kukwama Bermuda. William Strachey, aliyekuwamo, anasimulia kwamba Hopkins alidai mamlaka ya gavana wa msafara huo yalikoma chombo kilipovunjika, na kwa hoja hiyo akahukumiwa kifo kama mwasi. Alisamehewa baada ya kulia na kueleza jinsi mke na watoto wake watakavyoangamia. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya msisimko wake, lakini mimi nakithamini kwa sababu kinatuambia kwamba mtu huyu tayari alikuwa na familia, sawasawa na rejista za Hursley.

Baadaye alirudi Uingereza, akamwoa Elizabeth Fisher huko Whitechapel, London, mwezi Februari 1618, na miaka miwili baadaye akapanda Mayflower na familia yake. Ubatizo wake mwenyewe, wa mwaka 1581, ulikuja kupatikana Upper Clatford, katika Hampshire ileile.

Kwa upande wa Marekani, hati inayobeba mzigo mkubwa ni wosia wake wa Juni 1644. Aliomba azikwe karibu na mkewe marehemu, akamwachia Giles fahali mkubwa aliyekuwa kwa Bibi Warren, na mjukuu aliyeitwa Stephen akapewa shilingi ishirini za ukodishaji wa fahali huyo. Constance, anayetajwa wazi kuwa mke wa Nicholas Snow, alipewa farasi jike. Maneno hayo machache kuhusu mumewe ndiyo yanayowaunganisha akina Snow wa Cape Cod, huko Massachusetts, na Hursley, na kwa kuwa Bradford aliandika kwamba Constance alikuwa na watoto 12, wote hai, si ajabu kwamba wazao wa Hopkins wanaopitia njia hiyo leo ni wengi kiasi hicho.